Aliyebaki Kwenye Redio

2 Machi

Mvua ya kwanza, na mguu wa kushoto umelala tangu asubuhi. Nimeuchoma kwa ncha ya kalamu kuanzia kifundo kwenda juu. Nilihisi goti tu. Mke wangu alinikuta katikati ya jaribio hilo.

"Ukimaliza kuandika mguuni, uniletee ndoo," akasema.

Paa linavuja juu ya kabati la vitabu. Mimi, mtu aliyewagombeza mawaziri gazetini hadi mhariri akaomba likizo, nilipanda kiti kuyakinga maji yale, nikaogopa kushuka. Mke wangu akanishika kiunoni, akanishusha kama mzigo wa dukani. Hakutania tena siku nzima. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

4 Machi

Daktari wa mgongo aliibandika picha kwenye taa. Kile kipande cha chuma nilichotoka nacho vitani, kidogo kama punje ya mahindi, kimesogea.

"Hapa siwezi kukigusa," akasema. "Anayeifanya kazi hii ni mmoja tu, na yuko hospitali ya jeshi. Si ulikuwa askari wewe? Watakupokea."

Hospitali ya jeshi huwapokea waliotumikia kwa heshima. Faili langu linasema nilitoroka vitani.

"Kikisogea tena, itakuwaje?"

"Miguu yote miwili. Mimi ningekuwa wewe nisingengoja mvua hizi ziishe."

5 Machi

Niliandike jambo lenyewe hapa kwanza, bila mapambo. Baraza la jeshi la kurekebisha mafaili, ambalo sasa sina budi kuliomba, linataka maelezo, na nikianza mbele yao nikiwa na hasira nitamaliza kwa matusi.

Nilikuwa mpiga redio. Sisi wa redio tulikuwa na desturi ambayo wakubwa waliikataza na sisi tukaing'ang'ania: wawili wakipangwa kazi moja walibadilishana vibati vya shingoni, vile vyenye jina na namba. Nikivaa jina lako sina ruhusa ya kufa nalo. Lazima nirudi nikukabidhi. Ulikuwa utoto, lakini tulikuwa watoto. Siku ya kuvuka daraja nilivaa kibati cha Betri, naye akavaa changu. Tulimwita Betri kwa sababu ndiye aliyezibeba betri za redio. Mimi waliniita Redio, na si kwa ajili ya kazi peke yake.

Tulikaa kwenye kibanda cha ng'ambo ya mto tukiwaambia wenzetu lini wavuke. Wakavuka. Kombora likaniangusha. Waliniokota kando ya redio, sioni wala sisemi, shingoni nina jina la Betri. Yeye walimkuta mbali, barabara ya nyuma, amekanyaga bomu la ardhini, sura haitambuliki, shingoni ana jina langu. Makarani wakaandika walichokiona: Betri alibaki kituoni, kajeruhiwa, Redio katoroka, kafia njiani.

Wiki nyingi baadaye nikapata ulimi, nikasema mimi ni nani. Wakarekebisha. Walibadilisha yupi yu hai na yupi kafa, basi. Matendo wakayaacha pale pale. Betri akawa shujaa aliyekufa kwa majeraha, mjane wake akapewa nishani. Mimi nikawa mtoro aliye hai, nikafukuzwa jeshini bandeji zikiwa bado zimenizunguka. Nilipowaeleza habari ya vibati waliangaliana kama watu wazima wanavyoangaliana mtoto akiongopa.

Nikaapa sitaliomba jeshi kitu tena. Ilikuwa rahisi kuapa nikiwa na miguu.

Lakini liko jambo sijalisema kwa mtu, hata kwa mke wangu. Saa ya mwisho pale kibandani siikumbuki. Nakumbuka Betri akiichomeka betri mpya, nakumbuka sauti yangu ikisema "vukeni", kisha dari ya hospitali. Nilibaki kwa sababu niliamua kubaki? Au kombora liliniwahi nikiwa natafuta viatu?

9 Machi

Mvua. Ganzi imepanda hadi juu ya goti.

11 Machi

Ofisi ya kumbukumbu. Karani ni kijana wa kike mwenye sweta, tena mpole, na hilo liliniudhi, maana nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Nilianza na hotuba juu ya dola na wale inaowasahau. Alinisubiri.

"Mzee wangu, hapa hatubishani, tunajaza. Una shahidi?"

"Wa nini? Mimi mwenyewe nipo."

"Wewe ndiye mdai. Tunataka mtu aliyemwona mwenzako kwenye ile barabara kabla ya kombora. La sivyo ni neno lako na neno la marehemu, na marehemu ana nishani."

Nilikuwa na jibu la kumchana. Nikameza, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

"Halafu, mzee," akaendelea, akipunguza sauti, "ukisema wewe ndiye uliyebaki, umesema yeye ndiye aliyeondoka. Familia yake lazima tuiarifu. Ndiyo sheria."

Nimemkumbuka mjane wa Betri jinsi nilivyomwona mara ya mwisho, kwenye picha ya gazeti, ameinamisha kichwa wakimvisha kifuani nishani ya mumewe. Mtoto wake mkubwa sasa ni askari. Amekulia chini ya nishani ile. Nimerudi nyumbani nikitazama nyuma kila kona.

15 Machi

Nimekwenda kumwona Sufuria. Alikuwa mpishi wa kikosi chetu, na leo ni mpishi mkuu kwenye bwalo la jeshi, ana wasaidizi na kofia nyeupe. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mazishi ya mwenzetu, alininong'oneza: "Betri nilimwona siku ile, Redio. Barabarani." Kisha akaondoka kabla ya udongo kumwagwa.

Nilimkuta akikaripia mtu juu ya vitunguu. Aliponiona alipangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umekonda," akasema. "Kalamu haishibishi?"

"Nataka uje kwenye baraza useme ulichoniambia makaburini."

"Nilikuambia nini? Mimi mazishini huwa nasema pole tu."

"Sufuria. Miguu yangu inakufa."

Aliitazama miguu yangu, kisha sakafu. Akanivuta ghalani, katikati ya magunia ya mchele, akarudisha mlango.

"Fikiri, wewe msomi. Nikisimama pale niseme nilimwona Betri barabarani, swali la pili litakuwa nini?"

Akalijibu mwenyewe.

"Wataniuliza: na wewe mpishi, ulikuwa unakwenda wapi kwenye barabara hiyo hiyo, jiko lako likiwa upande wa pili?" Akaiweka mikono makwapani. "Swali hilo nimelala nalo kuliko nilivyolala na mke wangu. Nina kazi hapa kwa sababu faili langu ni safi. Usinirudie tena, ndugu yangu. Nakuomba."

16 Machi

Nimemwandikia Sufuria kurasa za matusi, na yalikuwa mazuri. Nimezichana. Yeye ni mwoga, na mimi ninayeogopa kiti ni nani?

21 Machi

Mtu mwenye mwavuli mweusi alisimama ng'ambo ya barabara akiitazama nyumba yetu. Nilipofungua dirisha akaondoka.

22 Machi

Yupo tena.

"Labda anajikinga mvua," mke wangu akasema.

"Ana mwavuli."

"Basi labda anausoma ukuta wetu. Wewe si unapenda wasomaji?"

Alitania, lakini aliufunga mlango kwa komeo, jambo ambalo hatulifanyi mchana.

25 Machi

Mwavuli. Sioni uso. Nina hakika ni mtoto wa Betri. Barua ya baraza itakuwa imewafikia. Nimebishana na watu wenye walinzi na ving'ora, na sijawahi kuogopa kama ninavyoogopa kijana mmoja mwenye haki ya kunichukia.

30 Machi

Mguu wa kulia umeanza, vidole viwili. Baraza litaketi baada ya wiki tatu. Karani amepiga simu kuuliza jina la shahidi. Nimemwambia nitaleta. Aliguna kama mtu anayemwona mwingine akielekea shimoni.

4 Aprili

Leo nimeanguka bafuni. Nieleze, maana sitaki kusahau. Nilikuwa nimesimama, kisha miguu ikaondoka, si kwa maumivu, ilikuwa kama mtu kazima taa. Nilijikuta nimelala sakafuni, bomba linamwaga maji usoni, na kuanzia kiunoni kwenda chini palikuwa na mtu mwingine. Nikazishika nyama za paja langu kama ninavyoshika nyama buchani. Nilimwita mke wangu. Alikuwa sokoni. Nikaita tena, si kwa sababu nilidhani kuna wa kusikia, bali nilitaka kusikia sauti, na sauti niliyoisikia niliitambua: ilikuwa ile ya kibandani, ya kijana niliyekuwa, ikiuliza kama kuna mtu.

Miguu ilirudi, wa kulia kwanza. Nilitambaa hadi barazani nikiwa na taulo. Na pale mlangoni, ndani ya geti, alikuwa amesimama mwenye mwavuli.

Alikuwa mwanamke, mtu mzima, viatu vimelowa. Alinitazama nilivyolala chini, akaukunja mwavuli taratibu.

"Shemeji," akasema, "nilikuwa natafuta siku nzuri ya kubisha hodi. Naona siku nzuri hazipo."

Mjane wa Betri.

Alinifunika kwa kanga yake, akaniegemeza ukutani, akaketi chini kando yangu kwa sababu hakuweza kuniinua. Nilianza kujitetea mara moja. Ndio ugonjwa wangu. Nikataja sheria, nikataja makosa ya makarani. Akaniacha nimalize.

"Mwanangu alitaka kuja kukuvunja miguu," akasema. "Nitamwambia asipoteze nauli."

Sikujua kama naruhusiwa kucheka.

"Shemeji, mume wangu alikuwa mwoga. Radi ikipiga, aliingia chini ya kitanda kabla ya mtoto. Kuku akiruka ghafla, anaruka naye. Mimi ndiye niliyekuwa naua nyoka pale nyumbani. Nilimpenda hivyo hivyo. Alikuwa anaogopa halafu anajicheka, basi nyumba nzima inacheka. Siku ya nishani wakasoma kwamba hakutikisika, alisema na redio kwa utulivu hadi mwisho. Nikacheka. Watu wakanishika mikono, wakadhani uchungu umenipanda kichwani."

Aliipangusa maji miguu yake mwenyewe, mmoja kisha mwingine.

"Tangu siku ile namlilia mtu nisiyemjua. Kila mwaka naitwa, nakalishwa mbele, wanamsifu mwanamume mwingine, na mimi nainamisha kichwa kama mkewe. Wangu hakuna aliyenirudishia. Kwa hiyo niambie. Alikimbia?"

"Sijui."

"Wewe unayejua kila kitu gazetini."

"Hilo silijui. Inawezekana nilimtuma kuleta betri nyingine. Inawezekana mimi mwenyewe nilikuwa mlangoni natoka. Saa ile sina."

Ni mara ya kwanza kulitamka. Hakushangaa.

"Yupo anayejua?"

"Yupo. Haji."

"Nipe anapofanya kazi."

6 Aprili

Mke wangu amehamishia kitanda changu sebuleni ili nisipande ngazi. Amehamisha na vitabu. Hataki niwe peke yangu na mguu, amesema. Nikajibu kwamba mguu wenyewe hauko nami. Akaenda jikoni. Nilimsikia akilia huku amefungua bomba.

12 Aprili

Mjane alikwenda bwaloni kwa Sufuria.

"Alisemaje?"

"Hakusema. Alinipakulia chakula, akaketi mbele yangu nikila. Nikamwuliza, akanyamaza. Nikamwambia siku na saa ya baraza, nikala mpaka nikamaliza, maana kilikuwa kitamu."

13 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

17 Aprili

Nimeandaa hotuba ya mbele ya baraza. Nimeisoma kwa sauti. Mke wangu alikuwa anakunja nguo.

"Nzuri," akasema. "Ila ndani yake hayumo mtu, hata wewe. Zimo hoja tu."

21 Aprili

Baraza.

Chumba kidogo, meza ndefu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Mwenyekiti ni kanali mstaafu, mwanamke mwenye miwani ya kamba, na wajumbe wawili walioongea kwa kutikisa vichwa. Nilisukumwa kwa kiti cha magurudumu, cha kuazima. Mjane aliketi ukutani, nishani imo mkobani, ameushika kwa mikono miwili. Mke wangu alisimama nyuma yangu, na mikono yake begani ilikuwa mizito, nikajua naye anaogopa.

Shahidi hayupo. Karani aliniangalia, nikaangalia pembeni.

Hotuba sikuisoma. Nilieleza vibati. Mwenyekiti akauliza, "Mlijua desturi hiyo imekatazwa?"

"Tulijua."

"Na kwa hiyo machafuko haya mliyapika wenyewe."

"Tuliyapika wenyewe, afande. Jeshi likayapakua."

Mjumbe mmoja alitabasamu, akaacha alipoona mwenzake hatabasamu.

"Mwenzako alitoroka?"

Nilimtazama mjane. Nilikuwa na miguu yangu upande mmoja na mume wake upande wa pili, na jibu moja fupi lingetosha. Nilitamani kulitoa.

"Sina kumbukumbu ya saa ile," nikasema. "Najua nilipookotwa. Aliendaje kule, sijui, na siwezi kuapa nisichokijua."

Mwenyekiti alianza kukusanya karatasi zake. Nilijua maana yake. Mikono begani mwangu ikakaza.

Mlango ukagongwa, akaingia Sufuria, na aproni yake ya kazini, yenye madoa. Hakunitazama. Alimpigia mwenyekiti saluti ya zamani, kiwiko juu mno, kama tulivyofundishwa.

"Nilimwona, afande. Alinipita barabarani akikimbia. Nikamwita, Betri, mwenzako yuko wapi? Akasema: 'Nimemvuta mkono, kakataa. Anasema mpaka wote wavuke.' Akanipita. Redio bado nilikuwa namsikia nyuma yetu, anawaita. Kisha kombora. Kisha mbele yangu bomu, na Betri hayupo."

Sikuweza kuiona meza. Mtu amenirudishia saa yangu, na ndani yake nilikuwepo.

Na likaja, lile swali, kutoka kwa mwenyekiti, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Sufuria alivua kofia.

"Nilikuwa nakimbia, afande. Tulikuwa wawili. Alinipita kwa sababu mimi nilibeba sufuria kubwa mgongoni, niliona haya kuiacha. Ningekuwa mwepesi kama yeye, lile bomu lingekuwa langu. Kikosi nilikikuta kesho yake, nikasema nilipotea. Wakaniamini, kwa sababu walikuwa na njaa."

Hakuna aliyecheka. Mjane akasimama. Mwenyekiti aliinua mkono kumzuia, kisha akaushusha.

"Kaka," mjane akamwuliza Sufuria, "alikuwa analia?"

Sufuria alimgeukia.

"Ndiyo, shemeji. Analia kwa sauti."

Mjane aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepewa mzigo na kukuta ndio wake.

"Basi ni yeye," akasema, akaketi.

3 Mei

Uamuzi umesomwa kwa simu na karani, akijaribu kutofurahi. Faili langu: alibaki kituoni hadi alipojeruhiwa; neno la kutoroka lifutwe; nishani ihamishiwe kwangu. Faili la Betri: aliondoka kituoni, akafa. Faili la Sufuria limefunguliwa, naye amesimamishwa kazi.

Nilimpigia mjane kuomba radhi. Alikuwa anapika. "Mwanangu hataki kusema nami," akasema. "Atasema. Nimemsimulia ile ya kuku. Alikuwa haijui."

8 Mei

Hospitali ya jeshi. Daktari mpasuaji ni mtu wa maneno machache. Nilimwuliza nitaamka na miguu mingapi. "Nikijua nitakuambia," akasema. Mvua zimepungua. Mguu wa kushoto umekufa kabisa. Wa kulia unasikia maji ya moto tu.

9 Mei

Kesho asubuhi napasuliwa. Nilidhani nikishinda kwenye baraza, hofu itaondoka. Imebaki, tena sasa haina adui wa kumwandikia makala.

Sufuria alikuja jioni na bakuli la chakula alichopika kwake, maana hana jiko jingine. Alinitazama nikila hadi nikamaliza.

"Wameniita mwezi ujao," akasema. "Wewe una maneno. Niandikie utetezi. Ila usiandike kwamba sikukimbia."

"Nitaandika ulikuwa kijana, hukufunzwa kupigana, jiko lilikuwa limelengwa..."

"Redio. Nimetumia maisha yangu kuficha kitu kimoja. Usinisaidie kukificha."

Ameondoka. Nimeomba ubao wa kuandikia, na herufi zinapanda mlima. Nimeandika sentensi ya kwanza: Mtu huyu alikimbia kwa sababu aliogopa. Nimeisoma nikitafuta hoja ya kuongeza. Sijaipata. Nimeiacha hivyo, nikamwita muuguzi, nikamwambia naogopa, akavuta kiti akaketi.